Ugenini, kinachochosha ni vitu vidogo

Mtu akitangaza kwamba anahamia nchi nyingine, hakosi wa kumpa ramani ya moyo wake. Ataambiwa miezi ya kwanza kila kitu kitampendeza, kisha atachukia kila anachokiona, halafu taratibu atainuka hadi azoee. Ramani hiyo imo kwenye semina za vyuo, kwenye vijitabu vya waajiri na kwenye video fupi za walioko ughaibuni. Ina umbo la herufi U, na inapendwa kwa sababu inatoa ahadi: vumilia, mbele kuna nafuu. Kwa maoni yangu imepotosha wengi. Si uongo mtupu. Ubaya wake ni kwamba inamfanya mgeni atafute kasoro ndani ya nafsi yake wakati tatizo liko pale mezani, kwenye bahasha aliyoifungua mara tatu na bado hajaielewa.

Tutazame ilikotoka. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Kanada aliyekuwa amefanya utafiti Ankole nchini Uganda, alitoa hotuba Rio de Janeiro mwaka 1954 kuhusu mshtuko wa utamaduni. Hotuba hiyo ilichapishwa 1960 na kusambaa duniani. Ukisoma dalili alizozitaja utajua mara moja alikuwa anawasema akina nani: kunawa mikono kupita kiasi, wasiwasi juu ya maji ya kunywa na matandiko, woga wa kuguswa na watumishi wa nyumbani. Watumishi! Kwa kawaida mgeni mwenye watumishi alikuwa na mwenyeji wa kumpokea, nyumba iliyomsubiri na ofisi iliyomshughulikia vibali. Mtu wa aina hiyo kweli ana nafasi ya kufurahia mandhari kwanza na kukasirika baadaye.

Umbo lenyewe la U lilipata nguvu mwaka 1955. Msosiolojia wa Norwei, Sverre Lysgaard, aliwahoji Wanorwei 200 waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walionekana kuzoea vizuri, waliokaa kati ya miezi 6 na 18 vibaya zaidi, na waliozidi hapo wakaonekana kuwa na nafuu tena. Lakini hakumfuatilia mtu yeyote tangu siku ya kuwasili. Alilinganisha watu tofauti waliokaa muda tofauti, akawapanga kwenye mstari, umbo likajitokeza. Wote walikuwa wasomi wenye ufadhili.

Mwaka 1998 mwanasaikolojia Colleen Ward na wenzake walichapisha utafiti uliofanya kile kilichopaswa kufanywa mapema. Waliwafuata wanafunzi wa Kijapani waliofika New Zealand, wakawauliza maswali ndani ya saa 24 za kwanza, kisha baada ya miezi 4, 6 na 12. Fungate, yaani ile miezi ya kwanza ya kupendezwa na kila kitu, haikuonekana. Huzuni na ugumu wa kuhusiana na watu vilikuwa juu kabisa mwanzoni. Kundi lilikuwa dogo, sawa, lakini limetosha kuniondolea imani na ramani ile. Mtu anayejisikia hovyo wiki ya kwanza, huku akijilaumu kwamba huu ndio ulikuwa wakati wa kufurahi, hana kasoro yoyote. Amefika tu.

Kwa nini mwanzo uwe mgumu hivyo? Jibu ninaloliamini ni la Alfred Schutz, mwanafalsafa wa Vienna aliyekimbia Wanazi na kuingia Marekani mwaka 1939. Miaka mitano baadaye, katika insha kuhusu mgeni, alieleza kwamba mwenyeji anaishi kwa kanuni zilizokwisha kuiva. Anajua aombe vipi, alipe vipi, asimame wapi, na hahitaji kujiuliza kwa nini. Mgeni naye ana kanuni zake, ila ni za alikotoka, na zinamwangusha moja baada ya nyingine. Kwa hiyo analazimika kufikiri pale ambapo wenzake wote wanapita tu.

Chukua kuvuka barabara. Takriban theluthi moja ya watu duniani wanaishi katika nchi ambazo magari hupita kushoto, waliobaki katika nchi ambazo hupita kulia. Si lazima uvuke bahari ili ukutane na jambo hili. Ukitoka Uganda ukaingia Rwanda, upande unabadilika hapo hapo mpakani. Mtembea kwa miguu anafika ukingoni, shingo inageuka yenyewe upande wa mazoea, inakuta peupe, mguu unashuka, na honi inapigwa kutoka upande ambao hakuutazama. Jiji la London limelazimika kuandika maneno kwenye lami penye vivuko ili kuwaambia watu watazame wapi. Aliyekuwa akivuka huku anaongea na simu, sasa anasimama, anatazama kulia, kushoto, kulia tena, halafu anangoja mwenyeji avuke ndipo amfuate nyuma.

Zimempotea sekunde chache tu. Ila zijumlishe na dakika alizosimama mbele ya mashine ya tiketi huku nyuma wanaguna. Ongeza muda wa kugeuza kifungashio cha sabuni akitafuta kama ni ya nguo au ya vyombo. Ongeza tarehe iliyoandikwa 03/04, ambayo kwa nchi moja ni tarehe 3 Aprili na kwa nyingine ni tarehe 4 Machi, na miadi yenyewe ikikupita utasubiri wiki kadhaa. Ongeza namba ambazo mahali pengine nukta inatenga maelfu na koma inatenga desimali, kinyume na alivyofundishwa. Jioni mtu yuko hoi na hawezi kueleza amefanya nini kutwa nzima. Akipigiwa simu na ndugu zake anasema amechoka, nao wanadhani ni baridi, au ni upweke.

Upweke upo, sikatai. Ninachopinga ni tabia ya kuubebesha kila kitu. Wakati mwingi anachokikosa mtu si nyumbani kwao kama mahali, bali ule wepesi wa kufanya mambo bila kuyatafakari. Anayedhani tatizo lake ni upweke ataambiwa atafute marafiki, na pengine atawapata, lakini mashine ya tiketi itaendelea kumtoa jasho.

Kati ya vitu vidogo vyote, makaratasi ndiyo baba lao. Mwenye nyumba anataka ushahidi wa kipato na akaunti ya benki. Benki inataka ushahidi wa anwani. Mwajiri anataka akaunti ili aweke mshahara. Benki inataka pia namba ya simu ya nchi ile ili itume namba ya siri, na kampuni ya simu, kwa mkataba wa mwezi, inataka akaunti au historia ya mikopo. Historia ya mikopo kwa kawaida haivuki mpaka: miaka yako yote ya kulipa bila kuchelewa inahesabiwa kuwa sifuri, sawa na kijana aliyetimiza miaka 18 jana. Funguo za kila mlango zimefungiwa ndani ya mlango wa jirani.

Inawezekana kulitatua jambo hili, maana kuna waliojaribu. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayompa kila anayeishi humo kihalali haki ya kufungua akaunti ya msingi ya benki, hata asiye na anwani ya kudumu na hata anayeomba hifadhi. Utekelezaji una kasoro zake, lakini ona jinsi tatizo lilivyoangaliwa. Hakuna aliyemwambia mgeni avumilie mpaka benki imzoee. Walisema utaratibu ndio mbovu, wakaushika huo.

Halafu kuna jina. Sijaona kitu kinachodharauliwa kama hiki, na kinachorudi kumsumbua mtu kwa miaka. Fomu za nchi nyingi zina visanduku viwili: jina la kwanza na jina la ukoo. Anakuja mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, anaulizwa ukoo wake ni upi. Anaandika jina la babu, kwa sababu ndilo la mwisho. Ofisi ya pili inachukua jina la baba. Ya tatu inaunganisha yote mawili. Baada ya muda bahasha tatu zinafika nyumba moja, ya bima, ya kodi na ya shule, kila moja na mpangilio wake, na siku akihitaji huduma inayozikutanisha ofisi hizo, kompyuta inaona watu watatu. Mzigo wa kuthibitisha kwamba hao watatu ni mmoja ni wake. Mkewe ana jina lingine la mwisho, na watoto lingine tena, kwa hiyo kila kivuko cha mpaka ni maswali kama kweli hawa ni familia. Aliye na jina moja tu kwenye pasipoti ana kisa kirefu zaidi: mfumo wa viza wa Marekani humjazia herufi FNU, kifupi cha kusema jina la kwanza halijulikani, na wapo walioishia kuitwa hivyo kwenye leseni ya udereva na kwenye kadi ya kazini.

Ushauri wangu hapa ni mkavu, lakini una faida kuliko hotuba nyingi za kutia moyo. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti, tazama mistari miwili ya chini ambayo mashine husoma, ona ni jina gani limewekwa mbele kama la ukoo. Hilo ndilo utakaloliandika kila mahali, tangu fomu ya kwanza, upende usipende. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule vithibitishwe kabla ya kupanda ndege. Kwa nchi zilizo kwenye mkataba wa The Hague wa 1961 kuhusu nyaraka, cheti kimoja cha uthibitisho kinatosha. Kwa nyingine bado ni safari ya wizara hadi ubalozi, na kufanya hivyo ukiwa mbali kunakula pesa na miezi.

Lugha nayo inazungumzwa sana, na karibu kila mara kwa sauti ya lawama: jifunze, mbona hujifunzi. Chuo kinachowaandaa wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kama wiki 36, takriban saa 900 za darasani, ili akimudu Kiswahili kikazi. Hao wanasoma kutwa, wakilipwa mshahara, na mitihani ndiyo kazi yao. Mhamiaji wa kawaida anasoma baada ya zamu, macho mekundu, halafu anashangaliwa kwamba mwaka umepita na bado anababaika kwenye simu. Simu ndiyo kipimo kikali kuliko vyote, kwa kuwa huoni uso wala mdomo, na sauti iliyorekodiwa inakutaka uchague namba kabla hujamaliza kuelewa chaguo la kwanza.

Kuna hasara nyingine ya lugha ambayo haimo kwenye mitaala. Mtu mzima mcheshi, anayejua kubishana, anayejua kukataa kwa adabu, anajikuta na sentensi za mtoto wa shule. Anakubali asichokitaka kwa sababu kukataa kunahitaji maneno mengi zaidi. Wenzake kazini wanamwona mpole. Si mpole, amekosa nyakati za vitenzi.

Na watoto, ambao hushika lugha haraka, wanageuzwa wakalimani. Mtoto wa miaka kumi anakaa kati ya mama yake na daktari. Daktari anauliza swali la aibu. Mtoto analibadilisha kidogo. Mama anajibu kwa urefu. Mtoto anatafsiri kwa maneno mawili kwa kuwa hajui neno la sehemu ile ya mwili katika lugha yoyote. Kisha wanatoka, na njiani ni mtoto anayejua ugonjwa wa mama yake ukoje, na mama anayeuliza. Nyumbani mwenye kusoma barua ndiye mwenye habari, na mwenye habari ndiye anayeanza kuamua. Wazazi wanalalamika kwamba ugenini watoto wameota pembe, lakini mara nyingine pembe hizo tumewavisha wenyewe, siku ile tulipowapa barua ya kodi waisome. Hospitali inayomtumia mtoto kama mkalimani inaokoa pesa zake kwa kuichezea familia ya mtu. Hapo sina lugha laini.

Sasa kuhusu watu wa kwenu. Wapo wanaoshauri kwamba ukifika, wakimbie wenzako, jichanganye na wenyeji tu. Ushauri huo husikika sana kutoka kwa waliokwisha kufika siku nyingi, na una majivuno ndani yake. Mwanasaikolojia wa Kanada John Berry ametumia miongo mingi kuchunguza namna wahamiaji wanavyobeba tamaduni mbili. Yeye na wenzake walipotazama vijana wahamiaji katika nchi 13, katika utafiti uliotoka 2006, waliokuwa na mguu huku na mguu kule ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi kwa ujumla, kuliko walioegemea upande mmoja. Kuegemea kunaweza kuwa tokeo la hali mbaya badala ya kuwa chanzo, ni kweli. Hata hivyo siamini kwamba wakati wa kumnyima mtu lugha anayoweza kutania ni ule ambao hana lugha nyingine.

Kikomo cha watu wa kwenu ni kingine. Mwaka 1973 msosiolojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha kwamba watu wengi aliowahoji walipata habari za kazi kupitia watu waliowajua kijuujuu, si marafiki wa karibu, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yale yale unayoyajua. Kundi la WhatsApp la watu wa nchi moja ni hazina wiki ya kwanza: litakuambia ofisi ipi inafunguliwa lini na nani ana godoro la kutoa. Miezi ikipita, litaendelea kukupa kazi ile ile ambayo kila mmoja humo anaifanya, na uvumi ule ule kuhusu vibali, safari hii ukiwa na herufi kubwa. Anayemfungua mtu njia ya pili ni yule wa kijuujuu: mzazi mwingine langoni mwa shule, mtu wa zamu iliyotangulia, jirani mnayepanda naye ngazi moja. Kujuana huko hakuhitaji moyo mkubwa wala lugha kamili. Kunahitaji mahali ambapo unaonekana kila siku kwa saa ile ile.

Kuhusu pesa za kutuma nyumbani nitasema kidogo, maana limeandikwa sana. Mataifa yalijiwekea lengo kwamba hadi 2030 gharama ya kutuma pesa ishuke chini ya asilimia 3, na wastani wa dunia bado ni zaidi ya mara mbili ya hapo, huku kutuma Afrika kusini mwa Sahara kukiwa ghali kuliko kanda nyinginezo. Lakini gharama kubwa zaidi ni ya kuficha. Aliyesafirishwa kwa michango ya ukoo hawezi kusema kwamba benki imekataa kumfungulia akaunti. Anapiga picha mbele ya jengo zuri, anatuma. Anayefuata anakuja na picha hiyo kichwani, bila cheti kilichothibitishwa.

Serikali nazo zina namna yao ya kupima nani amezoea. Uingereza humpa anayetaka uraia mtihani wa maswali 24 kwa dakika 45, na lazima apate 18. Ujerumani huuliza maswali 33, na kwa uraia yanatakiwa majibu sahihi 17. Maswali ni ya historia, sheria na mfumo wa serikali. Sina ugomvi na historia, hasa Ujerumani, ambako kozi ya kuwaandaa wageni ina mamia ya saa za lugha ndani yake. Ugomvi wangu ni wa majira. Mitihani ya uraia huja baada ya miaka, na hata kozi mara nyingi huanza baada ya miezi ya foleni, ilhali mzigo mkubwa uko wiki zile za kwanza, wakati mtu hajui pipa lipi ni la taka gani na barua ipi ikipuuzwa italeta faini.

Msaada wa wiki hizo ni wa bei ndogo kuliko semina. Barua iandikwe kwa sentensi fupi, tarehe ikiwa na jina la mwezi. Awepo mtu wa kukaa na mgeni benki mara ya kwanza. Mwajiri atoe siku mbili za kuhangaikia anwani na simu kabla ya zamu ya kwanza, akijua kwamba mtu asiye na anwani atakosa kazini baadaye hata hivyo.

Na hata hayo yakifanyika, yupo wa kuachwa nje. Mfanyakazi ana mwajiri, mwanafunzi ana chuo, mtoto ana mwalimu. Mwenzi aliyemfuata mumewe au mkewe hana hata mmoja wa hao. Kibali chake kimefungwa kwenye cha mwenziwe, akaunti ni ya mwenziwe, mkataba wa nyumba una jina la mwenziwe, na kutwa nzima hakuna anayemtarajia mahali popote. Mipango mingi ya kupokea wageni inaanzia kazini au chuoni, kwa hiyo haimfikii, na ndoa ikienda kombo ndiye asiye na karatasi hata moja yenye jina lake. Ofisi inayotoa kibali cha familia inajua jina na anwani yake tangu siku ya kwanza. Ingeweza kumwandikia yeye mwenyewe, kwa jina lake, barua ya kumwita kwenye darasa la lugha na kumweleza namna ya kufungua akaunti isiyo ya mtu mwingine.